Kutoka Hori ya Lindi hadi Kibodi ya Piano: Pembe za Ndovu na Historia ya Kupiga Muziki wa Baroko katika Piano ya Kisasa

1.0 Swali la Kuanzia

Barabara ya Mtwara–Mingoyo–Masasi hukutana na barabara itokayo Lindi mjini mahali ambapo nchi ya bara inateremka kuelekea maji ya chumvi. Mto Lukuledi humwaga maji yake katika hori ya Lindi, na Mingoyo iko kwenye kichwa cha hori hiyo. Msafiri wa leo hupita hapo akiwa ndani ya basi, akasimama kidogo kununua korosho au samaki, kisha akaendelea na safari. Kwa msafiri wa karne ya 19, aliyekuja kwa miguu kutoka upande wa Masasi na Ruvuma, umbile hilo la nchi lilikuwa na maana kubwa zaidi: hapo mzigo uliobebwa begani kwa majuma mengi ulikaribia kupakiwa chomboni.

Makala hii inaanzia Mingoyo, ingawa mada yake ni muziki ulioandikwa Ujerumani, Ufaransa, Italia na Hispania kabla ya mwaka 1750, na namna muziki huo ulivyokuja kupigwa kwa ala ambayo watunzi wake, kwa sehemu kubwa, hawakuiandikia. Nilipowasilisha pendekezo la utafiti kwa mara ya kwanza, niliulizwa kwa upole kabisa kama pwani ya kusini ina uhusiano wowote na Johann Sebastian Bach, au kama nilikuwa nimeambatisha tu jina la nyumbani kwenye mada ya ugenini. Swali lilikuwa la haki. Jibu nililolitoa siku ile lilikuwa dhaifu, kwa kuwa nilijitetea kwa kusema kwamba muziki ni wa watu wote. Kauli hiyo ni ya kweli, lakini haithibitishi chochote katika taaluma ya historia.

Hoja ninayoitetea sasa ni finyu zaidi, na nadhani ina nguvu zaidi. Mjadala kuhusu uhalali wa kupiga muziki wa Baroko katika piano umeendeshwa kana kwamba ni shauri kati ya ala mbili za Ulaya: hapsikodi kwa upande mmoja na piano kwa upande wa pili. Katika mjadala huo piano ya kisasa huchukuliwa kuwa kitu kilichokamilika, kisicho na asili nje ya karakana zilizoiunda. Ukiitazama kibodi yake kwa jicho la mwanahistoria wa pwani hii, picha inabadilika. Kibodi nyeupe, pana na ya aina moja kila mahali ilitokana na biashara ya pembe za ndovu, na bandari za Kilwa na Lindi zilikuwa miongoni mwa milango ya biashara hiyo. Aidha, kibodi hiyo ilienea katika miongo ileile ambayo muziki wa Bach ulifanywa kuwa chakula cha kila siku cha mwanafunzi wa piano.

2.0 Ala Isiyokusudiwa

Hapsikodi hutoa sauti kwa kudonoa waya. Kibonyezo kikishuka, kijiti huinuka kikiwa na ncha ya unyoya wa ndege, ncha hiyo ikauvuta waya na kuuachia. Mpigaji akibonyeza kwa nguvu au kwa ulegevu, ukubwa wa sauti haubadiliki sana. Ndiyo maana hapsikodi kubwa zilikuwa na kibodi mbili, moja juu ya nyingine, zenye sauti tofauti. Klavikodi, ala ndogo ya faraghani, hugusa waya kwa kipande cha shaba na huweza kunyenyekea chini ya kidole, hata kuitetemesha sauti, lakini sauti yenyewe ni ndogo mno kwa ukumbi. Piano hupiga waya kwa nyundo. Bartolomeo Cristofori alikwisha kuitengeneza Florence kufikia mwaka 1700, na piano zake tatu zilizosalia ni za miaka ya 1720, 1722 na 1726.

Kwa hiyo si sahihi kusema kwamba piano haikuwapo wakati wa Bach. Ilikuwapo, naye aliijua. Johann Friedrich Agricola, mwanafunzi wake, ameeleza kwamba Bach alizijaribu piano za mwanzo za Gottfried Silbermann, akazilaumu kwa uzito wa vibonyezo na udhaifu wa sauti za juu, na kwamba baadaye Silbermann alipozirekebisha Bach aliziridhia. Mwaka 1747 alipiga piano za Silbermann mbele ya Mfalme Frederick wa Prussia huko Potsdam. Domenico Scarlatti naye, aliyetunga sonata 555, alimtumikia Malkia María Bárbara wa Hispania, ambaye katika makasri yake zilikuwamo piano zilizotengenezwa Florence. Hata hivyo piano hizo zilikuwa nyepesi, zenye fremu ya mbao na nyundo ndogo. Kati yake na piano kubwa ya leo yapo mabadiliko mengi: mtambo wa Érard wa mwaka 1821 unaoruhusu noti kurudiwa haraka, fremu nzima ya chuma iliyosajiliwa na Alpheus Babcock mwaka 1825, na nyaya zilizopishana ambazo Steinway alizipatia hataza kwa piano kubwa mwaka 1859.

Ufufuo wa Bach ulifanyika juu ya ala hii iliyokuwa ikibadilika. Mendelssohn aliongoza Mateso ya Mtakatifu Mathayo mjini Berlin mwaka 1829, na tukio hilo ndilo linalotajwa zaidi. Kwa upande wa kibodi, tarehe iliyo muhimu zaidi ni 1837, mwaka ambao Carl Czerny alitoa toleo lake la Das wohltemperierte Klavier likiwa na alama za kasi, za nguvu ya sauti na za vidole ambazo Bach hakuziandika. Toleo hilo lilimweleza kijana wa karne ya 19 jinsi ya kumpiga Bach kana kwamba Bach aliandika kwa ajili ya piano ya Vienna. Ferruccio Busoni alikwenda mbali zaidi katika toleo lake la kitabu cha kwanza cha mkusanyo huo mwaka 1894. Kuanzia 1851 Shirika la Bach la Leipzig lilianza kuchapa kazi zake zote bila mapambo ya wahariri, lakini majuzuu yale makubwa yaliwafikia wataalamu kuliko watoto waliojifunza sebuleni.

Mwitikio wa kupinga ulikuja na Wanda Landowska, aliyeanza kupiga hapsikodi hadharani mwanzoni mwa karne ya 20. Mwaka 1912 alizindua hapsikodi kubwa aliyotengenezewa na kampuni ya Pleyel, na mwaka 1933 akarekodi Tofauti za Goldberg. Watetezi wa uasilia mara nyingi husahau kwamba ala yake ilikuwa na fremu ya chuma na kwamba ilitoka katika kiwanda cha piano. Ala ya kale iliyosimamishwa kuishitaki piano ilikuwa yenyewe binamu wa piano. Kisha mwaka 1955 Glenn Gould alirekodi Goldberg kwa piano, kwa mguso mkavu na wa haraka, na swali likafunguliwa upya.

3.0 Vibonyezo kabla ya Weupe

Katika mjadala wote huo, sehemu ya ala ambayo kidole hugusa haikupewa nafasi. Ni jambo la kushangaza kidogo, kwa kuwa hapo ndipo mwili wa mpigaji na ala hukutana.

Kibodi za zama za Baroko hazikuwa za aina moja. Hapsikodi za Ufaransa kwa kawaida zilikuwa na vibonyezo vya chini vyeusi, vilivyofunikwa kwa mti mweusi, na vile vya juu vyeupe kwa mfupa, kinyume kabisa na tulivyozoea. Familia ya Ruckers ya Antwerp ilitumia mfupa kwa vya chini. Waitalia wengi walitumia mti mgumu wa rangi ya manjano. Katika Uingereza ya karne ya 18, karakana za Kirkman na Shudi zilitumia pembe za ndovu, na desturi hiyo ndiyo iliyorithiwa na watengeneza piano wa London. Vipimo navyo vilitofautiana: nafasi ya oktava katika hapsikodi nyingi ilikuwa pungufu ya ile ya piano kwa milimita chache, vibonyezo vilikuwa vifupi, na kina cha kushuka kilikuwa kidogo. François Couperin, alipochapa mwongozo wake wa kupiga hapsikodi mwaka 1716, alizungumza na vidole vilivyozoea nyuso za namna hiyo.

Idadi ya vibonyezo pia ilikuwa ndogo. Kitabu cha kwanza cha Das wohltemperierte Klavier, ambacho mswada wake una tarehe ya 1722, hakivuki oktava nne. Hiyo ni kibodi ya vibonyezo 49: 29 vya chini na 20 vya juu. Piano iliyokamilika mwishoni mwa karne ya 19 ina vibonyezo 88, na 52 kati yake ni vyeupe. Basi anayepiga kitabu hicho chote katika piano ya kisasa, utangulizi na fuga zote 24, atavigusa vyeupe 29, na vyeupe 23 vitabaki bila kuguswa. Vibonyezo hivyo 23 viliongezwa kadiri kibodi ilivyopanuliwa, na kila kimoja kilihitaji bapa lake la pembe.

4.0 Pembe Laini

Pembe za pwani ya Afrika Mashariki zilikuwa na soko muda mrefu kabla ya piano kubuniwa. Al-Mas'udi aliandika katika karne ya 10 kwamba pembe kutoka nchi ya Wazanji zilipelekwa Oman, na kutoka huko zikaenda India na China. Edward Alpers, katika kitabu chake cha mwaka 1975 kuhusu pembe na utumwa, ameonyesha namna wafanyabiashara Wayao walivyoziunganisha nchi za Ziwa Nyasa na pwani, na namna ambavyo mwishoni mwa karne ya 18 sehemu kubwa ya biashara yao iligeuka kutoka Kisiwa cha Msumbiji na kuelekea Kilwa. Wakati huo mnunuzi mkuu alikuwa India, ambako pembe zilichongwa bangili, zikiwemo zile za maharusi. Kibodi haikuwamo katika hesabu.

Mabadiliko yalikuja katika nusu ya kwanza ya karne ya 19. Mwaka 1833 Sayyid Said alitia saini mkataba wa biashara na Marekani, na mwaka 1837 Richard Waters wa Salem, Massachusetts, alifika Zanzibar kuwa konsuli wa kwanza wa Marekani. Ni sadfa tu kwamba mwaka huo ndio pia mwaka wa toleo la Czerny, na sitaki kujenga nadharia juu ya sadfa. Lakini sadfa hii inasaidia kumbukumbu. Upande mmoja wa dunia kijana aliwekewa Bach mbele ya piano. Upande mwingine meli za Salem zilishusha shehena za kitambaa, kile ambacho Kiswahili hadi leo kinakiita merikani, na kupakia pembe, ngozi na sandarusi. Sandarusi, ambayo ilichimbwa ardhini katika maeneo mengi ya mrima, ilitengenezewa vanishi ya samani na magari ya farasi. Msomaji anayetafuta mchango wa pwani katika sebule ya karne ya 19 asiishie kwenye pembe.

Abdul Sheriff ameeleza mantiki ya kiuchumi ya kipindi hiki kwa uwazi ambao haujapitwa. Bei ya pembe katika soko la dunia iliendelea kupanda, na bei ya vitambaa vya viwandani haikupanda hivyo. Pengo kati ya bei hizo mbili likawa faida ya wafanyabiashara wa Zanzibar na wadhamini wao wa Kihindi. Faida hiyo ndiyo iliyosukuma misafara mbali zaidi ndani ya bara, kwa kuwa ndovu wa karibu walipungua. Pembe kubwa, buri, ilithaminiwa kuliko kalasha, na zote zilipimwa kwa frasila, kipimo cha takriban kilo 16. Mzigo wa kawaida wa mpagazi haukuzidi sana frasila mbili. Hivyo pembe moja kubwa ilikuwa mzigo wa mtu mmoja, tangu ilikotoka hadi pwani.

Viwanda vilivyokuja kuwa na njaa kubwa zaidi ya pembe hizo vilikuwa katika bonde dogo la Mto Connecticut, katika vijiji vya Deep River na Ivoryton. Vilianza kwa kutengeneza vichana. Pratt, Read na Comstock, Cheney ndizo kampuni zilizotawala baadaye, na uhusiano wake na Zanzibar ulikuwa wa watu kwa watu: George Cheney aliishi Zanzibar katika miaka ya 1850 akinunua pembe, kisha akarudi Connecticut na kushirikiana na Samuel Comstock. Pembe ilikatwa vipande, ikapasuliwa mabapa membamba, ikatiwa dawa ya kuondoa unjano na kuanikwa kwa majuma katika nyumba ndefu za vioo ili jua liifanye nyeupe. Mabapa ya kibodi moja yalichaguliwa kwa uangalifu ili rangi na mishipa ilingane, na inapowezekana yalitoka katika pembe moja. Mafundi walipendelea pembe ya Afrika Mashariki kwa sababu waliiita laini: haikupasuka kwa urahisi na ilibaki na weupe usio wa kioo, tofauti na pembe ngumu ya Afrika Magharibi. Ulaya nayo ilikuwa na wanunuzi wake. Kampuni ya O'Swald ya Hamburg ilikuwapo Zanzibar tangu 1849, na Heinrich Adolph Meyer wa mji huohuo alijulikana kwa biashara ya pembe kiasi cha jina lake kuambatanishwa nayo.

Kiasi kilichohitajika kilikuwa kikubwa. Kufikia mwaka 1910 viwanda vya Marekani pekee vilikuwa vikitoa zaidi ya piano 350,000 kwa mwaka. Si zote zilizofunikwa kwa pembe, kwa sababu seluloidi ilikwisha kuingia katika piano za bei nafuu, lakini piano iliyojiheshimu ilikuwa na pembe.

Kilwa na Lindi zinaingia hapa kwa namna mbili. Ya kwanza ni ya moja kwa moja. Misafara kutoka Nyasa na Ruvuma ilishukia Kilwa Kivinje, Lindi na Mikindani, na pembe zake zikavuka kwenda Zanzibar, ambako zilipimwa, zikapangwa kwa daraja na kuuzwa. Katika ghala la Zanzibar buri ya Lindi iliwekwa pamoja na buri ya Tabora, na kuanzia hapo iliitwa pembe ya Zanzibar. Jina la bandari kuu lilimeza majina ya bandari ndogo; ndiyo maana Mingoyo haimo katika vitabu vya historia ya piano, na si kwa sababu hapakuwa na njia iliyopita.

Namna ya pili inahitaji tahadhari. Ernst Moore, aliyekuwa wakala wa pembe Zanzibar mwanzoni mwa karne ya 20, alichapa mwaka 1931 kitabu kilichoieleza biashara hiyo kama laana ya Afrika, na picha aliyoiacha ni ya mtumwa aliyefungwa shingo na mwenzake huku amebeba pembe. Picha hiyo imeshika. Kwa njia ya kati ya Tabora watafiti wa baadaye, Stephen Rockel akiwa mmoja wao, wameonyesha kwamba wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi waliofanya kazi kwa ujira na waliojivunia kazi yao. Kwa njia ya kusini, siwezi kuihamisha hoja hiyo bila kuipunguza. Kilwa Kivinje ilikuwa bandari kuu ya watumwa ya mrima, na pembe na watu walitoka katika nchi zilezile kupitia mikono ileile. Mkataba wa 1873 ulipiga marufuku kusafirisha watumwa kwa bahari, na matangazo ya Sultan Barghash ya 1876 yakaikataza misafara ya nchi kavu. Mwaka huo wa 1876 Askofu Edward Steere alisafiri kutoka Lindi na watu walioachiwa huru, na baadhi yao wakaanzisha makazi ya Masasi, katika njia ambayo pembe ilipita ikielekea upande wa pili. Biashara ya watu ilipobanwa, ile ya pembe na mpira iliendelea. Wajerumani walipofika, mapambano ya udhibiti wa njia hizo hayakukoma. Machemba, kiongozi wa Wayao aliyekuwa na nguvu katika nyanda za Makonde nyuma ya Lindi, alimwandikia Wissmann barua kwa Kiswahili mwaka 1890 akikataa wito wake.

Kwa hiyo nakataa kauli mbili zilizo rahisi. Moja inasema kila noti ya Bach katika piano ya zamani ina damu ya mtumwa. Ya pili inasema malighafi ni malighafi na muziki ni muziki. Ya kwanza haiwezi kuthibitishwa kwa piano yoyote mahususi, na inawanyima wapagazi wa ujira nafasi yao katika historia. Ya pili inasahau kwamba bila soko la piano bei isingepanda kwa kiwango kile, na bila bei ile msafara usingefika ulikofika.

5.0 Kidole juu ya Bapa

Bapa la pembe halitoi sauti. Ukiibadilisha pembe kwa plastiki, nyundo itapiga waya vilevile, na msikilizaji aliye ukumbini hatatambua. Ninalisisitiza hili kwa sababu baadhi ya wapenzi wa piano za kale huzungumzia pembe kana kwamba ina roho ndani ya sauti.

Linalobadilika ni mguso. Pembe ina vinyweleo vidogo sana, na wapigaji wengi hueleza kwamba inanyonya jasho na kukipa kidole mshiko bila kukizuia kuteleza. Katika muziki wa Baroko jambo hili lina uzito kuliko katika muziki wa baadaye, kwa kuwa hapa pedali haifichi makosa ya kidole. Fuga ya sauti nne inapigwa kwa mikono miwili. Mara nyingi kidole kimoja lazima kiendelee kushikilia noti huku kingine kikija kuchukua nafasi yake juu ya kibonyezo hichohicho, mbinu ambayo Couperin aliieleza. Madoido, kama vile mtetemo wa noti mbili jirani, hudai kidole kiinuke haraka na kurudi mahali palepale. Mpigaji wa hapsikodi alilifanya hilo juu ya mti au mfupa, kwa kibonyezo chepesi kisichoshuka sana. Mpigaji wa piano ya 1890 alilifanya juu ya pembe, kwa kibonyezo kizito na kirefu zaidi. Utelezi wa pembe ulimrudishia sehemu ndogo ya urahisi ambao uzito wa mtambo ulikuwa umemnyang'anya.

Nadhani hapa ndipo penye jibu la kweli zaidi kwa swali la uhalali. Yapo mambo ambayo piano haiwezi kuyafanya. Tofauti kadhaa katika Goldberg, iliyochapwa mwaka 1741 kwa hapsikodi ya kibodi mbili, zinaiweka mikono yote miwili mahali pamoja. Katika kibodi moja inagongana, na mpigaji hulazimika kupanga upya ni mkono upi upite juu. Alama za kupaza na kupunguza sauti katika Tamasha la Kiitaliano la 1735 zinaamuru kuhama kibodi. Katika piano zinageuka kuwa tofauti ya nguvu ya mkono. Yapo pia ambayo piano inaweza na hapsikodi haiwezi, kama kuitokeza sauti ya kati ya fuga ili sikio liifuate. Anayepiga hivyo hajifanyi Bach. Anaendeleza desturi ya piano yenye karibu miaka 200, ambayo ina matoleo yake, walimu wake, vyombo vyake na, kama nilivyoonyesha, malighafi yake. Desturi hiyo istahili kuchunguzwa kihistoria kwa haki yake yenyewe, badala ya kupimwa daima kwa umbali wake kutoka Leipzig ya mwaka 1740.

6.0 Pembe Iliyorudi

Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 sehemu ya pembe ilirudi Afrika ikiwa imegeuka kibodi. Mfano unaojulikana zaidi uko mbali na pwani hii: Albert Schweitzer, mwandishi wa kitabu kikubwa kuhusu Bach, alikwenda Lambaréné nchini Gabon mwaka 1913 na piano yenye pedali za mguu kama za ogani, zawadi ya Chama cha Bach cha Paris, iliyoundwa kwa ajili ya nchi za joto. Tahadhari hiyo haikuwa ya bure. Unyevu huvimbisha mbao, hutia kutu nyaya na kulegeza gundi hadi mabapa yakabanduka. Kila anayeishi Lindi anajua hewa ya bahari inavyokifanya kitu chochote kilichogundishwa. Afrika Mashariki, piano zilikuja na walowezi, maofisa na wamisionari, na baada yake mfumo wa mitihani ya Bodi ya Kifalme ya Uingereza iliyoanzishwa 1889, ambao kwa muda mrefu umemtaka mtahiniwa apige kipande kutoka zama za Baroko au zinazokaribiana nazo. Chuo cha Muziki cha Kenya kilianzishwa Nairobi mwaka 1944, na vizazi vya watoto wa Nairobi vimemjua Bach kwa njia hiyo.

Upande wa pili wa hesabu hiyo uko msituni. Pori la Akiba la Selous, ambalo sehemu yake iko Liwale katika mkoa wa Lindi, lilikadiriwa mwaka 1976 kuwa na ndovu karibu 110,000 pamoja na maeneo yanayolizunguka. Sensa ya mwaka 2013 ilipata takriban 13,000. Lawama ya anguko hilo haiwezi kubebeshwa piano: Steinway ya Marekani ilikuwa imeacha pembe katika miaka ya 1950, na ujangili wa mwishoni mwa karne ya 20 na mwanzoni mwa ya 21 ulikuwa na masoko mengine. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoongoza juhudi za kupiga marufuku biashara ya kimataifa ya pembe mwaka 1989. Tangu hapo piano mpya ni za plastiki, na piano ya zamani yenye pembe haivuki mpaka bila hati. Watengenezaji wa piano za umeme, kwa upande wao, hutoa vibonyezo vya plastiki vyenye ukwaruzo uliobuniwa kuiga pembe. Wanauza kumbukumbu ya mguso.

Makanisa mengi ya mikoa yetu hutumia kinanda cha umeme chenye vibonyezo 61. Ni oktava tano. Kitabu kizima cha mwaka 1722 kinaenea humo na nafasi inabaki.

Kwa mtafiti atakayekutana na piano ya zamani katika misheni, shule au jengo la serikali kusini mwa Tanzania, utambuzi hauhitaji maabara. Aangalie kibonyezo cheupe karibu na ncha ya mbele ya kibonyezo cheusi. Katika kibodi nyingi za pembe, bapa ni vipande viwili, kichwa na mkia, vilivyounganishwa, na mstari mwembamba wa kiungo huonekana ukikatiza upana. Katika plastiki bapa ni moja na mstari haupo. Kisha akiinamishe kichwa ili mwanga uje kwa upande, aitafute mishipa ya pembe. Anakili idadi ya vibonyezo, namba ya piano iliyochapwa kwenye fremu, na hali ya vibonyezo vya katikati ikilinganishwa na vya pembeni, kwa maana hapo huonekana ni sehemu gani ya kibodi iliyofanyiwa kazi.